Mpini Mzuri Huanza Kiangazi

Somo letu la leo linahusu kitu unachokishika karibu kila siku. Linahusu mpini. Jembe bila mpini ni chuma tu. Shoka bila mpini haliangushi mti. Lakini mara nyingi tunaufikiria mpini siku ile unapovunjika. Siku hiyo huwa ni siku ya mvua, na kila mtu yuko shambani.

Kwanza nitakueleza jambo lililotokea katika darasa moja la kisomo nililokuwa nikilitembelea.

Darasa lile lilikuwa na shamba lake. Majembe yalikuwa 12, lakini mipini mizima ilikuwa 5 tu. Mvua zilikuwa karibu. Siku ya Jumamosi niliwahimiza wanakisomo waingie kichakani, wakate mipini. Jumatatu tuliitia kwenye majembe. Pale palipolegea tulipigilia misumari. Nilifurahi kuona kazi imekwisha upesi.

Baada ya wiki mbili mvua ilinyesha. Mama mmoja wa darasa letu alikwenda kulima kwa jembe lile. Siku ya kwanza jembe lilianza kucheza. Jioni alililoweka katika ndoo ya maji. Asubuhi likawa limekaza. Ilipofika saa nne likalegea tena. Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne aliinua jembe juu, chuma kikachomoka, kikaruka nyuma yake. Mtoto wake alikuwa nyuma akitia mbegu katika mashimo. Chuma kikamkata mguuni.

Mtoto alishonwa katika zahanati, akapona. Lakini mama yule alikwenda na kurudi zahanati kwa muda wa wiki tatu. Mvua za kupandia zikapita. Nusu ya shamba lake haikupandwa mwaka ule.

Majirani walisema, "Ni bahati mbaya." Haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa ni mti mbichi. Tena mimi ndiye niliyeharakisha kazi. Ndiyo maana nimeandika somo hili.

MAJI YALIYO NDANI YA MTI

Kata tawi bichi la mti, ulishike. Ni zito. Liache juani kwa wiki kadhaa, ulishike tena. Limekuwa jepesi. Je, uzito umekwenda wapi?

Uzito uliopotea ni wa maji. Mti mbichi una maji mengi sana. Katika kila kilo 3 za mti mbichi, kilo 1 au zaidi inaweza kuwa maji. Maji hayo yakitoka, mti hupungua unene. Urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana, lakini unene hupungua. Mpini mbichi wenye unene wa sentimita 4 unaweza kupungua kiasi cha milimita 2 ukikauka. Milimita 2 ni kitu kidogo machoni. Lakini katika tundu la jembe, nafasi hiyo inatosha kulifanya jembe licheze.

Sasa umeelewa kwa nini mpini uliotiwa mbichi hulegea. Siku unapoutia, unajaza tundu lote. Unapokauka, unajiondoa wenyewe katika tundu.

Watu wengi hulowesha jembe ili likaze. Nao wanaona kwamba linakaza kweli. Mti hunywa maji, ukavimba. Lakini tundu ni la chuma, nalo halitanuki. Kwa hiyo mti unajibana wenyewe na nyuzi zake zinasagika. Ukikauka tena, unakuwa mwembamba kuliko mwanzo. Kulowesha jembe ni kukopa. Leo unapata, kesho unalipa na riba juu.

NYUZI ZA MTI

Chukua ufagio wa chelewa. Chelewa zote zimelala upande mmoja. Jaribu kuuvunja ufagio ule katikati. Ni vigumu. Lakini kuzitenganisha chelewa moja moja ni rahisi.

Mti nao uko hivyo. Umejengwa kwa nyuzi ndefu nyingi zilizoshikana. Nyuzi zikikimbia moja kwa moja kutoka kichwa cha mpini mpaka kitako chake, mpini una nguvu. Nyuzi zikikata upande, mpini utapasuka pale zinapotokea nje. Penye kifundo, nyuzi huzunguka kifundo hicho. Kwa hiyo kifundo katikati ya mpini ni mahali pa kuvunjikia.

Kumbuka mambo haya mawili: maji na nyuzi. Kazi yote inayofuata inatokana nayo.

KUCHAGUA MTI

Mti wa mpini uwe mgumu, lakini uweze kupinda kidogo bila kuvunjika. Mti laini kama mpapai haufai kabisa. Mti mgumu mno kama mpingo ni mzito, nao utakuchosha mkono.

Miti ifuatayo hutumika kwa mipini, na huenda mmojawapo unaota karibu nawe: mkole, mpera, mkwaju, mforsadi na mchungwa. Mkaratusi pia hufaa, lakini hupasuka upesi unapokauka. Ukiutumia, ukaushe polepole. Waulize wazee wa kijijini kwako. Wanajua mti gani wa huko unavumilia shoka na mti gani hauvumilii.

Jihadhari na mnyaa. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaweza kukudhuru vibaya.

Chagua shina au tawi lililonyooka, lisilo na vifundo vingi. Angalia gome lake. Gome likizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo mara nyingi zimesokotwa. Acha mti huo, tafuta mwingine.

Usikate ovyo. Wazee wetu wengi wanaikumbuka kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana juu ya miti yao. Fundisho lile bado lina maana. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kuwa na msitu wake na kuutunza chenyewe. Kama mti uko katika msitu wa kijiji, omba ruhusa kwanza katika serikali ya kijiji. Lililo bora zaidi ni kupanda mipera michache nyumbani kwako. Utapata matunda, na baadaye utapata mipini.

KUPASUA NA KUKAUSHA

Kata mti wako mwanzoni mwa kiangazi. Kama kwenu mvua huanza mwezi wa Novemba, kata mwezi wa Mei au Juni. Fuata hatua hizi:

1. Kata gogo lenye unene wa sentimita 15 au zaidi. Urefu wake uzidi mpini unaoutaka kwa sentimita 20. Ncha za gogo mara nyingi hupasuka zinapokauka, na baadaye utazikata.

2. Pasua gogo kwa kabari na nyundo ya mti. Lipasue mara mbili, upate vipande vinne. Kupasua ni bora kuliko kukata kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi. Msumeno hufuata mkono wa mtu, na mara nyingi hukata nyuzi njiani.

3. Toa gome lote. Bungua, wadudu wanaotoboa miti, hupenda kukaa chini ya gome.

4. Chonga kila kipande kiwe na pembe nne, unene wa sentimita 5 hivi kila upande. Ondoa sehemu ya moyo wa mti, kwa sababu hapo ndipo nyufa nyingi huanzia.

5. Paka ncha zote mbili udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, au rangi ya zamani, au nta. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha. Ncha ikikauka kabla ya sehemu ya katikati, itapasuka. Ukiipaka, unayazuia maji yasitoke kwa haraka.

6. Weka vipande kivulini, mahali penye upepo. Viweke juu ya vijiti ili hewa ipite chini yake, na mchwa wasivifikie. Wengine huviweka juu ya uchaga jikoni. Moshi hufukuza wadudu. Lakini usiviweke karibu sana na moto, na usivianike juani. Haraka haraka haina baraka.

DAFTARI LA MPINI

Utajuaje kwamba mti umekauka? Wazee hugonganisha vijiti viwili. Vikiwa vikavu hulia kwa sauti kali. Vikiwa vibichi hutoa sauti nzito. Njia hii ni nzuri. Lakini wewe unajua kusoma, kuandika na kuhesabu, basi una njia nyingine pia. Unaweza kupima.

Andika namba juu ya kila kipande kwa mkaa. Kipime kwa mizani, labda dukani au kwenye ghala la ushirika. Andika tarehe na uzito katika daftari. Rudia kila baada ya wiki mbili. Huu ni mfano wa kipande kimoja:

Juni 1: kilo 3 na gramu 400
Juni 15: kilo 2 na gramu 900
Julai 1: kilo 2 na gramu 650
Julai 15: kilo 2 na gramu 500
Agosti 1: kilo 2 na gramu 420
Agosti 15: kilo 2 na gramu 400
Septemba 1: kilo 2 na gramu 400

Tazama tarehe mbili za mwisho. Uzito haukubadilika. Maana yake ni kwamba mti umetoa maji yote uliyoweza kuyatoa katika hewa ya mahali hapo. Sasa uko tayari kuchongwa.

Toa kilo 2 na gramu 400 katika kilo 3 na gramu 400. Unapata kilo 1. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi lita nzima ya maji ilikuwa imejificha katika kipande kimoja cha mti! Kama tungeutia jembe mwezi wa Juni, maji hayo yote yangetoka mpini ukiwa tayari ndani ya tundu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mpini nao ni mali.

KARAKANA YA NYUMBANI

Karakana si lazima iwe jengo. Kivuli cha mwembe kinatosha. Vitu unavyohitaji ni hivi: panga kali au tezo, msumeno, tupa ya mbao, uzi, kipande cha mkaa, na kipande cha chupa cha kukwangulia. Kama una randa, ni vizuri zaidi. Kama huna, usihofu.

Tafuta pia gogo zito la kuchongea. Juu yake kata mfereji mfano wa herufi V. Ukiulaza mpini katika mfereji huo, hautaviringika.

Kwa usalama wako, fuata mambo haya. Mkono unaoshika mti uwe nyuma ya makali siku zote. Chonga kuelekea mbele, usichonge kuelekea mwilini mwako. Usiweke kipande juu ya paja. Noa panga lako, kwa sababu panga butu huteleza. Watoto wakae mbali.

KUCHONGA MPINI

Kwanza amua urefu. Mpini ni kama nguo, humfaa yule aliyepimiwa. Simama wima, usimamishe mti kando yako. Watu wengi hupenda mpini wa jembe unaofika kati ya kitovu na kifua. Mpini mfupi mno humlazimisha mtu kuinama sana, na mgongo huuma.

Hapa nawaomba akina baba wanisikilize. Katika nyumba nyingi anayelima zaidi ni mama, lakini mpini hupimwa kwa mkono wa baba. Kabla ya kuchonga, mwite atakayelitumia jembe. Mpime yeye.

Unene nao hupimwa kwa mkono. Zungusha vidole kwenye mpini. Kidole gumba na kidole cha kati vikaribie kugusana. Kwa watu wengi unene huo ni kama sentimita 3 na nusu. Mpini mnene mno huchosha mkono. Mwembamba mno hukufanya uukamate kwa nguvu sana, ukatoka malengelenge.

Sasa anza kuchonga:

1. Vuta uzi kutoka ncha moja mpaka nyingine. Fuata uzi huo, piga mstari wa katikati kwa mkaa. Fanya hivyo pande zote nne.

2. Chonga kipande kiwe na unene ulio sawa, kikiwa bado na pembe nne. Lakini upande wa kichwa, kwenye urefu wa sentimita 20 hivi, usipunguze unene bado.

3. Kata zile pembe nne. Sasa una pande nane. Hakikisha pande zote nane ziko sawa.

4. Kata pembe tena, upate pande 16. Kisha malizia kwa tupa mpaka mpini uwe duara. Ukianza kutafuta duara mara moja, utapata mpini wenye matuta. Ukipita pembe nne, nane na 16, duara litakuja lenyewe.

5. Ukiona panga linainua nyuzi na kuchimba ndani, geuza mti uchonge kutoka upande wa pili.

6. Kwangua kwa kipande cha chupa, kisha sugua kwa msasa. Kama huna msasa wa dukani, majani makavu ya mti wa msasa yanafanya kazi hiyo. Ndiyo yaliyotumika kabla ya karatasi ya msasa kufika kwetu.

KUTIA MPINI KWENYE JEMBE

Lichunguze tundu la jembe lako. Katika majembe mengi tundu ni pana zaidi upande wa nje kuliko upande unaomwelekea mkulima. Tundu la namna hiyo halihitaji msumari wala kabari. Kitako cha mpini ndicho kinachopita kwanza, kutoka upande wa nje. Unauvuta mpini wote mpaka kichwa chake kinene kinaswe ndani ya tundu. Kila unapolima, chuma kinajivuta kuelekea kichwa kinene, na jembe linazidi kukaza.

Lakini kichwa lazima kilingane na tundu. Usikisie. Paka masizi ya sufuria ndani ya tundu. Ingiza mpini mpaka ukwame, kisha utoe. Tazama mahali penye weusi. Hapo ndipo mti unapogusa chuma. Kwangua hapo tu, kidogo kidogo. Paka tena, ingiza tena. Rudia mpaka weusi uenee kichwa chote. Hapo mti unagusa chuma kila upande, na mzigo unagawanyika.

Kisha lishike jembe na ugonge ncha ya kichwa juu ya gogo ili kichwa kizame vizuri katika tundu. Mpini ukitokeza nje kidogo, uache hivyo. Usikate.

Usitie misumari. Msumari hutenganisha nyuzi za mti, kisha hushika kutu. Mahali ulipopita ndipo mpini utakapopasukia. Kipande cha mpira wa baiskeli au kitambaa kinaweza kukusaidia siku moja kumaliza kazi, lakini si dawa.

MPINI WA SHOKA

Shoka linaporuka ni hatari zaidi kuliko jembe. Kwa hiyo uwe mwangalifu mara mbili.

Shoka la kienyeji lina mkia wa chuma unaopenya katika kichwa kinene cha mpini. Katika shoka hilo mti ndio wenye tundu. Tundu liwe dogo kidogo kuliko mkia, ili mkia ujikaze unapoingia. Wengine huchoma tundu kwa mkia wenyewe ulioshika moto. Usichome kupita kiasi. Mkaa unaobaki ndani ya tundu hauna nguvu, utasagika na shoka litacheza.

Shoka la dukani lina tundu katika chuma. Chonga kichwa cha mpini kiingie kwa kukaza. Kabla ya kukiingiza, pasua kichwa kwa msumeno, katikati, kina cha theluthi mbili za urefu wa tundu. Ingiza mpini. Sasa shika mpini ukiwa umening'inia hewani, chuma kikiwa chini, ugonge kitako chake kwa nyundo ya mti. Utashangaa kuona chuma kinapanda badala ya kuanguka. Sababu ni kwamba chuma ni kizito, kinachelewa kuondoka mahali pake. Ukigonga, mti unashuka upesi na chuma kinabaki nyuma.

Mwisho pigilia kabari ya mti mkavu na mgumu katika ule mpasuo. Kabari inatanua kichwa cha mpini ndani ya tundu. Hapo shoka halitoki.

KUUTUNZA MPINI

Paka mpini mafuta ya alizeti kidogo, usugue kwa kitambaa, uache ukauke. Rudia mara mbili au tatu. Mafuta huzuia maji yasiingie upesi. Usipake oili chafu ya gari. Ina vitu vyenye madhara, na mikono yako itaishika kila siku.

Usiache jembe nje usiku kwenye mvua, wala kutwa juani. Lolote kati ya hayo mawili huurudisha mti katika kuvimba na kusinyaa. Litundike ndani, mbali na mchwa.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, fanya mambo matatu. Tazama kama kuna ufa. Shika chuma, ukitikise. Gonga kitako cha mpini chini mara moja, usikilize. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Jembe likicheza, usilitumie karibu na mtu. Lirudishe karakanani.

NENO LA MWISHO

Mwaka uliofuata nilirudi katika darasa lile. Ulikuwa mwezi wa Juni, shamba ni kavu, hakuna aliyefikiria kulima. Mama yule alinyoosha mkono. Alisema, "Mwalimu, mwaka huu tukate leo."

Tulikata siku ile. Tulipima, tukaandika katika daftari la darasa. Mwezi wa Septemba tulichonga. Kila mtu alichonga mpini kwa kipimo cha mwili wake. Mvua zilipokuja, majembe 12 yalikwenda shambani, na majembe 12 yakarudi jioni. Mama yule alipanda shamba lake lote. Mtoto wake alitia mbegu, lakini safari hii alikaa mbali na jembe, upande wa pili wa mstari. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo.

Ndugu msomaji, mpini mzuri hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji muda, na muda huo uko kiangazi. Usiungoje mpaka mawingu yatande.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mpini uliotiwa mbichi hulegea baada ya muda?
2. Kulowesha jembe majini kunasaidia nini? Kunaharibu nini?
3. Kwa nini kupasua gogo kwa kabari ni bora kuliko kulikata kwa msumeno?
4. Kipande cha mti kilikuwa na kilo 3 na gramu 100 kikiwa kibichi. Kilipokauka kilikuwa na kilo 2 na gramu 200. Je, kimepoteza maji ya uzito gani?
5. Katika kijiji chenu, ni miti gani inayofaa kwa mipini? Ni nani anayetoa ruhusa ya kuikata?
6. Leo jioni chunguza majembe na mashoka yote ya nyumbani kwako. Andika katika daftari: mangapi yanacheza? Mangapi yana misumari? Mipini yake ilipimwa kwa mkono wa nani?